Mwanafunzi aanzie kazi ya programu wakati wa fildi, si katikati ya muhula

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie matangazo ya kazi yanayozagaa kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi kila chuo kinapofunguliwa. Yanafanana kama mapacha: kampuni chipukizi ya akili mnemba inatafuta wanafunzi wa uhandisi wa programu, saa 20 hadi 25 kwa wiki, kazi unaifanyia popote ulipo, kuanza mara moja. Malipo hayatajwi. Atakayekagua kazi hatajwi. Na hiyo "mara moja" kwa kawaida huangukia wiki ya tatu au ya nne ya masomo, wakati bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, halijaingia na mtu yuko tayari kusaini chochote.

Sisi tunaoandika ni wahandisi wa programu, na hatupingi wanafunzi kufanya kazi hizi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne anayeandika msimbo, yaani maagizo ya programu (code), utakaotumiwa na watu wa kweli hujifunza mambo ambayo hayamo kwenye mhadhara wowote. Kinachotukera ni hesabu ya saa, na hasa wakati wa kuanza.

Tupige hesabu. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha darasani, maabara na kujisomea. Mwaka una krediti 120, muhula 60, yaani saa 600. Zigawe kwa wiki 15 za masomo, unapata saa 40 kwa wiki. Kwa maneno mengine, mwanafunzi tayari ana kazi ya kutwa. Ukimwongezea saa 20 za tangazo anafika 60, ilhali Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki kuwa ukomo wa saa za kawaida za mfanyakazi, ambaye hana jaribio la Jumatatu wala hofu ya kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Kwa maoni yetu dari ni saa 12 kwa wiki. Kampuni inayoona saa 12 ni chache mno kwa kazi iliyonayo, kazi yake inahitaji mfanyakazi wa kutwa, basi imtafute huyo.

Saa 12 zenyewe zisiwe vipande. Kuandika programu kunataka mtu apakie kichwani faili tano au sita na namna zinavyoitana kabla hajagusa mstari mmoja. Anayefungua kompyuta dakika 40 kati ya vipindi viwili hutumia nusu ya muda huo kukumbuka alipoishia, kisha kengele inalia. Mpangilio unaofanya kazi ni alasiri mbili za saa tatu na nusu kila moja, na saa tano za Jumamosi. Msabato atazihamishia Jumapili, hilo halina ugomvi. Siku zikishapangwa zisibadilishwe kwa ujumbe wa saa nne usiku unaoanza na "samahani kaka, kuna kitu kidogo".

Sasa tufike kwenye hoja yetu. Muhula una wiki 15 za masomo na takriban mbili za mitihani. Toa wiki za mitihani na wiki mbili za kujiandaa, zinabaki 13. Zidisha kwa 12, ni saa 156 kwa muhula mzima. Mafunzo kwa vitendo ya likizo ndefu, hiyo fildi, kwa kawaida ni wiki nane. Kwa saa 40 kila wiki ni saa 320, zaidi ya maradufu, na zinafuatana. Kuufahamu mfumo wa kampuni usioujua, ukajua seva iko wapi, data inaingiaje, majaribio yanaendeshwaje na nani aulizwe nini, ni kazi ya saa 80 hadi 100 hata kwa mtu mwepesi. Ukiianza wiki ya tatu ya muhula kwa saa 12 inamaliza wiki nane, na mtihani ndio huo unabisha hodi. Kampuni italalamika kwamba mwanafunzi hajatoa kitu, mwanafunzi ataona yeye ni mzito, kumbe wote wawili wamekosea kalenda tu. Ukiianza kwenye fildi inaisha wiki ya pili au ya tatu, na mwezi mzima unabaki wa kazi yenyewe. Muhula ukifunguliwa, saa 12 zile zinamwangukia mtu ambaye hahitaji tena kuuliza nenosiri la hifadhidata ya majaribio linapatikana wapi.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeitaka kazi hii aanze kuitafuta Februari au Machi, siyo Novemba. Aende na barua ya chuo ya mafunzo kwa vitendo, na amuulize mratibu wa fildi mapema kama kampuni ile inakubalika na nani atasaini daftari la kumbukumbu la kila siku. Kampuni nyingi chipukizi zina watu wanne, na msimamizi anayetambuliwa na chuo hayumo. Hilo hurekebishika kwa barua mbili tatu likigunduliwa mwezi Aprili. Likigunduliwa wiki ya sita ya fildi, mtu anaweza kujikuta ana wiki sita zisizohesabika.

Kampuni nayo ina kipimo chake kabla ya kumpokea. Mchukue mhandisi wenu mmoja, mpe kompyuta isiyo na kitu, mwambie auvute msimbo kutoka kwenye hifadhi yake ya mtandaoni na kuuendesha kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa tu, bila kumuuliza mtu. Ikizidi saa moja, maelezo hayajakamilika. Mara nyingi kinachokosekana ni faili la mipangilio ambalo kila mtu ofisini analo kwenye mashine yake na hakuna anayekumbuka lilitoka wapi. Mwanafunzi wa saa 12 akipoteza siku nzima kulitafuta faili hilo, theluthi ya wiki yake imekwenda na maji.

Kazi gani apewe? Iliyo na mlango wa kuingilia na wa kutokea, na ambayo ikilala siku tatu hakuna mteja anayeumia. Tutoe mfano mmoja kwa ukaribu, kwa sababu maneno ya jumla hayamsaidii mtu.

Programu nyingi za mazungumzo kwa Kiswahili, zile za kupanga miadi ya kliniki au safari, hukwama kwenye saa. Modeli kubwa za akili mnemba zinazoziendesha zimesoma Kiingereza kingi kuliko Kiswahili, na "saa mbili asubuhi" inaweza kugeuka 02:00 badala ya 08:00. Dawa yake ni kutoiachia modeli hesabu hiyo: iandikwe funksheni, kipande kidogo cha msimbo, inayopokea maneno na kurudisha saa kwa mfumo wa saa 24. Hii ni kazi safi ya mwanafunzi. Anaanza kwa kuandika majibu anayoyatarajia kabla ya msimbo wenyewe. "Saa tatu kasorobo asubuhi" irudishe 08:45. "Saa kumi na moja na robo alfajiri" 05:15. "Saa moja kasoro dakika kumi jioni" 18:50. "Saa sita kasorobo usiku" 23:45, na "saa sita na robo usiku" 00:15.

Hizo mbili za mwisho ndizo zinazomwangusha kila anayedhani kazi ni kuongeza sita tu. Kati yake tarehe imebadilika, na msimbo usiojua hilo utampeleka abiria stendi siku nzima kabla au baada ya basi lake. Halafu kuna "saa kumi na mbili" bila neno la wakati: ni 06:00 au 18:00? Funksheni isibahatishe, irudishe alama kwamba haijui, na programu imuulize mtu. Tena kuna "usiku wa Ijumaa". Wazee wa pwani wakisema hivyo wana maana ya usiku wa kuamkia Ijumaa, kijana wa Sinza ana maana ya Ijumaa ikishaingia giza. Hapa hakuna msimbo utakaoamua. Lazima swali liulizwe. Kazi nzima hii, na majaribio yake 40 au 50, ni wiki mbili za saa 12. Ina mwisho unaoonekana, mwanafunzi anaielewa kuliko mshauri yeyote wa kutoka nje, na ikichelewa haivunji kitu.

Linganisha na kumpa sehemu inayopokea taarifa za malipo ya simu. Mtandao ukisuasua, taarifa ya muamala mmoja inaweza kuja mara mbili au tatu. Msimbo usiohifadhi namba ya muamala na kuikataa ikirudi utamwongezea mteja salio mara tatu. Kazi hiyo si ya kumwachia mtu ambaye kesho asubuhi yuko kwenye chumba cha mtihani, simu imezimwa. Vivyo hivyo kubadilisha muundo wa hifadhidata inayotumika, na kupandisha toleo jipya Ijumaa jioni, ambalo kwa kweli hata mhandisi wa kutwa asilifanye.

Kwa kuwa mwanafunzi huondoka na kurudi baada ya siku tatu, kila zamu ifungwe kwa kumbukumbu fupi. Si ripoti. Mistari mitano inatosha ("tawi" ni nakala ya msimbo anayoifanyia kazi kando bila kugusa ya wenzake):

"Jumatano alasiri. Tawi: saa-za-kiswahili. Imeisha: kasorobo, na robo, na nusu. Bado: kasoro dakika. Imekwama: saa sita usiku, tarehe hairuki. Nikirudi naanza na jaribio la 14 linaloshindwa."

Mstari wa mwisho ndio wenye thamani. Anayeacha jaribio moja linaloshindwa kwa makusudi, na akajua ni lipi, Jumamosi huingia kazini ndani ya dakika kumi. Kabla ya kufunga asukume kazi yake kwenye hifadhi ya pamoja hata kama haijakamilika, kwenye tawi lake mwenyewe. Umeme hukatika, kompyuta mpakato huibiwa kwenye daladala, na msimbo uliokuwa kwenye mashine moja tu hufa nayo.

Ukaguzi wa msimbo ndiko kampuni nyingi zinakodanganya, wakati mwingine bila kujua. Mhandisi mmoja mzoefu anaweza kubeba wanafunzi wawili, akitenga saa tatu hadi nne kwa wiki kwa kila mmoja kusoma kazi yake na kuijibu ndani ya siku moja. Ombi la kuunganisha msimbo wake na ule wa kampuni (pull request) likikaa siku tano bila kuguswa, mwanafunzi amepoteza zamu mbili akisubiri, au amejenga kitu kingine juu ya msimbo ambao baadaye utakataliwa. Kampuni yenye mhandisi mmoja na wanafunzi sita haina wanafunzi wa kazi, ina foleni.

Siku hizi tatizo hilo limeongezewa petroli. Mwanafunzi anaiomba modeli imwandikie, anapata mistari 900 kwa dakika nne, anaituma. Msimbo unaendeshwa, unapendeza, na ndani yake kuna maktaba, yaani msimbo wa watu wengine, iliyoongezwa bila sababu, hitilafu zinazomezwa kimya kimya, na majaribio yanayopita kwa kuwa yanajipima yenyewe. Hatusemi asitumie modeli. Kampuni ya akili mnemba inayokataza hilo itachekwa. Tunaweka masharti mawili. Ombi lisizidi mistari 200, majaribio yakiwa ndani. Na mkaguzi ana haki ya kunyooshea kidole mstari wowote na kuuliza unafanya nini. Asiyeweza kueleza anaurudisha wote. Ukifuata la pili kwa wiki mbili, la kwanza hujitekeleza lenyewe.

Upande wa data kuna makosa ambayo hata mabosi huyafanya, na mwanafunzi aliyeyajua mapema ana thamani kubwa. Mkikusanya sauti za Kiswahili za kufundishia modeli ya kutambua usemi, gawanyeni data ya kufundishia na ya kupimia kwa wasemaji, siyo kwa vipande vya sauti. Mama mmoja akiwa na vipande 300, na 270 vikaenda kufundisha na 30 kupima, modeli imeshamzoea sauti, alama zitakuwa nzuri ofisini na mbovu sokoni. Sauti zilizorekodiwa kwenye mazungumzo ya simu mara nyingi ni sampuli 8,000 kwa sekunde, yaani sauti imepimwa mara 8,000 kila sekunde. Kuzipandisha hadi 16,000 ili modeli izikubali ni sawa, lakini kisichokuwamo hakirudi, kwa hiyo pimeni kwa sauti za simu kama wateja wenu watapiga simu.

Na kipimo chenyewe kiangaliwe. Kipimo cha kawaida ni asilimia ya maneno yaliyokosewa. Sentensi sahihi ikiwa "nimetuma elfu tano mia tano", maneno matano, na modeli ikaandika "nimetuma 5,500", kipimo kitahesabu makosa manne kati ya matano, asilimia 80, ilhali hakuna kosa hata moja la maana. Lazima tarakimu na maneno yasawazishwe kwanza. Kisha Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. "Hawakuniambia" ikikosewa herufi moja, neno zima limehesabiwa kosa, sawa na kama modeli ingeandika neno lisilohusiana kabisa. Ndiyo maana kipimo cha herufi kiripotiwe kando ya kile cha maneno. Kuandika programu ya kusawazisha na kupima namna hii ni kazi nyingine nzuri ya saa 12.

Bando nalo lihesabiwe. Sauti ya njia moja, sampuli 16,000 kwa sekunde, baiti mbili kila sampuli, ni baiti 32,000 kwa sekunde, yaani kama MB 115 kwa saa. Saa 40 za sauti zinakaribia GB 4.6. Kumwambia mwanafunzi wa hosteli azipakue, azisafishe, azipandishe tena, ni kumtoza zaidi ya GB 9 kwa kazi moja. Data ibaki kwenye seva, yeye aingie huko kwa mbali na kuandika amri; hilo linakula bando dogo mno. Tena ni suala la sheria. Sauti na namba za simu za wateja ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na za afya zinahitaji uangalifu zaidi. Hazina sababu ya kukaa kwenye flashi ya mtu. Kwa majaribio ya kila siku tengenezeni majina na namba za kubuni.

Kompyuta ya mwanafunzi yenye RAM ya GB 8 inatosha kwa kazi nyingi za wavuti, ingawa itakoroma kidogo. Kwa modeli haitoshi. Modeli ya vigezo bilioni 7, yaani namba ilizojifunza, ikihifadhiwa kwa biti 16 inataka GB 14 za kumbukumbu kwa vigezo peke yake. Ikibanwa hadi biti 4 inashuka kwenye GB 4 hivi, na kwenye kompyuta isiyo na GPU, kadi ya kufanya hesabu nyingi kwa pamoja, itajibu kwa mwendo wa kobe. Kwa hiyo kampuni itakodi mashine zenye GPU mtandaoni, na hapo hutokea ajali mbili maarufu.

Ya kwanza ni mashine iliyosahauliwa. Iwashwe Ijumaa saa kumi na moja jioni, iachwe hadi Jumatatu saa mbili asubuhi: ni saa 63. Kwa mashine ya dola 2 kwa saa ni dola 126 zilizoungua bila kazi. Onyo la matumizi kwenye akaunti halizuii kitu, linatuma barua pepe tu, na barua pepe ya Jumamosi usiku husomwa Jumatatu. Wekeni amri ya kuizima mashine yenyewe ikikaa dakika 30 bila kazi, na hitilafu ikitokea gharama isikatwe kwenye malipo ya mwanafunzi. Aliyempa ruhusa ya kuiwasha bila kuweka kizuizi ndiye mwenye kosa.

Ya pili ni ufunguo wa siri, yaani nenosiri ambalo programu hulitumia kuingia kwenye huduma za kulipia, uliopandishwa kwenye hifadhi ya wazi ya GitHub, mtandao wa kutunzia msimbo. Kuna programu zinazozunguka mtandaoni zikitafuta funguo hizo, na huzipata ndani ya dakika. Kosa la wengi ni kulifuta faili, kuhifadhi tena, na kushusha pumzi. Git, programu inayotunza matoleo ya msimbo, haisahau historia, ufunguo bado umo kwenye toleo la nyuma. Utaratibu ni huu: kwanza ubatilishe ufunguo kwenye akaunti ya mtoa huduma, kabla hata ya kumwambia bosi. Pili toa mpya. Tatu angalia matumizi ya saa zilizopita. Historia isafishwe mwisho, kwa utulivu, maana ufunguo uliokufa haudhuru. Na mwanafunzi apewe ufunguo wake mwenyewe wenye kikomo cha fedha, siyo ule wa mkurugenzi unaofungua kila mlango.

Sasa malipo. Tuchukue mfano wa Sh7,500 kwa saa, saa 48 kwa mwezi: Sh360,000. Akiwa mwajiriwa, anakatwa asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, Sh36,000, inabaki Sh324,000. Sh270,000 za kwanza hazina kodi ya mshahara. Zile 54,000 zinazozidi zinatozwa asilimia 8, yaani Sh4,320. Mkononi anapata Sh319,680, na mwajiri anamwekea Sh36,000 nyingine NSSF. Kampuni nyingi hupenda kumwita mtoa huduma, inazuia kodi ya asilimia 5, Sh18,000, na kumpa Sh342,000. Kijana anaona amepata zaidi. Ukweli ni kwamba amepata Sh22,320 za ziada mkononi na kukosa Sh72,000 za mfuko, na hesabu za kodi za mwaka zimebaki mgongoni mwake.

Jina "mtoa huduma" lenyewe halimalizi mjadala. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mfanyakazi, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa pamoja na mambo mengine anafanya kazi chini ya uongozi wa mwingine, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 48 zimeshavuka. Mwajiri anayedhani ameikwepa ajira kwa kubadilisha kichwa cha mkataba ajue hilo kabla ya kufika mbele ya CMA, tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi.

Mkataba uwe wa maandishi, na zaidi ya kazi, mahali, saa na malipo ambayo sheria inadai, kwa mwanafunzi uongezwe mambo matatu. Wiki za mitihani ni saa sifuri, na tarehe zake zitajwe kutoka kwenye almanaka ya chuo. Msimbo ni mali ya nani, na kama sehemu yake inaweza kuingia kwenye mradi wa mwaka wa mwisho. Hili likiachwa, siku ya kuwasilisha mradi kampuni inadai siri na msimamizi chuoni anadai kuona msimbo, mwanafunzi yuko katikati kama nyasi za tembo wawili. Na kipindi cha malipo kitajwe kwa tarehe. "Tukipata wawekezaji" si tarehe.

Kuhusu zoezi la kumpima mwombaji, saa tatu zinatosha, na lisiwe sehemu ya bidhaa. Anayeambiwa ajenge mfumo mzima wa kuingia na kusajili watumiaji kwa wiki mbili "ili tukuone" ameshaajiriwa bila malipo.

Tusisahau lile tangazo linalosema mhandisi wa akili mnemba, ukifika unakuta ni kuweka alama kwenye picha na maandishi siku nzima. Kazi ya kuweka alama ni halali na inahitajika. Lakini iitwe jina lake, ilipwe kwa saa, na mtu aambiwe mapema atasoma nini. Mwaka 2023 dunia ilisoma habari za vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kupitia maandishi ya ukatili ili modeli zijifunze kuyaepuka. Mwanafunzi aulize swali moja tu kwenye usaili: "Nionyesheni ombi la kuunganisha msimbo lililotumwa na mwanafunzi aliyenitangulia, na maoni ya mkaguzi." Kampuni yenye uhandisi itafungua skrini papo hapo. Nyingine itaanza kuzungumzia maono yake.

Siku ya kuondoka, iwe ni mwisho wa muhula au amehitimu, akaunti zake zifungwe siku hiyo hiyo, funguo zake zibatilishwe, data iliyobaki kwenye kompyuta yake ifutwe mbele ya mtu, na apewe barua inayotaja alichojenga na saa alizofanya. Barua ya "alikuwa na bidii na nidhamu" haimsaidii kokote.

Ni sisi,
Wahandisi wa programu,
Kijitonyama, Dar es Salaam